Bustani ya mjini inageuzwa paa la maegesho, halafu tunaambiwa ni kwa ajili ya waenda kwa miguu!

Wakuu, salaam. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa mitaro, haya ni mambo mengine kabisa.

Mji wetu sitautaja. Anayeujua atautambua, na wale wa ofisini ambao huwa wanapita humu kimyakimya wajue ni wao ninaowasema. Bustani ya katikati ya mji, ile iliyo kati ya soko na kituo cha daladala, imezungushiwa mabati tangu kabla ya Ramadhani. Kwenye mabati wamebandika bango kubwa: mradi wa uboreshaji, uwanja wa kisasa rafiki kwa waenda kwa miguu. Kuna picha ya kompyuta. Chemchemi, vitofali vya pevingi vya rangi mbili, mabinti wawili wameshika vikombe vya kahawa, mtoto na baiskeli yake. Hakuna mtu hata mmoja mwenye kapu, hakuna aliyebeba ndoo, hakuna mama ntilie. Miti iliyochorwa mnaiona kabisa ni ile membamba ya kupamba hoteli. Huu mji jua la saa saba linachoma hadi mbwa anatafuta uvungu wa gari, na mtu amekaa ofisini akachora eneo la wazi lisilo na kivuli akalipwa.

Mimi nafanya kazi duka lililo ng'ambo ya barabara, kwa hiyo sisimuliwi. Naona.

Tuliitwa kikao cha wadau, baada ya mabati kuwekwa. Naomba mlisome hilo tena. Mabati kwanza, maoni baadaye. Mshauri wa mradi akatuonyesha michoro ukutani, moja baada ya nyingine, mbio mbio. Kuna mmoja ulionyesha eneo kama limekatwa katikati, unaona juu na chini ya ardhi. Juu chemchemi. Chini ya chemchemi, orofa mbili za magari. Akataka kuupita huo mchoro kama hakuna kitu. Mzee mmoja mstaafu wa reli, ambaye huwa anacheza drafti pale kila siku, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hayo magari huko chini ni ya nani?"

"Mzee wangu, hiyo ni sehemu ya kuufanya mradi ujiendeshe kifedha."

"Sawa. Mimi nakuja kwa miguu. Hapo penye njia ya magari kuteremka ndipo ninapoingilia siku zote. Sasa nitaingilia wapi?"

Mshauri akasema swali zuri, litachukuliwa. Akauliza kama kuna maswali mengine. Soda zikaletwa.

Ndiyo nikaelewa kinachojengwa. Kinachojengwa ni maegesho ya kulipia, na bustani ndiyo itakuwa paa lake. Neno "waenda kwa miguu" limewekwa pale ili tusipige kelele.

Sasa kilichonipandisha zaidi ni kwamba yule mshauri alituambia "hata miji mikubwa ya Marekani imefanya hivi" na akataja Los Angeles. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma. Jamani, ameutaja mfano unaomsuta yeye mwenyewe!

Los Angeles katikati ya mji wana kiwanja kinaitwa Pershing Square. Kilitengwa kuwa eneo la umma tangu 1866. Kilikuwa na miti mingi, watu wakikaa, wakihubiri, wakibishana siasa. Mwaka 1951 wakakifukua chote, wakajenga maegesho ya orofa tatu chini ya ardhi, ya magari zaidi ya 1,500, wakatandaza nyasi juu. Njia za magari kuingia na kutoka wakaziweka pembezoni, kuzunguka kiwanja. Yaani mtu akitoka barabarani kwa miguu anakutana kwanza na shimo la magari na ukuta wake, ndipo afikirie kuingia bustanini. Watu wakapungua. Kiwanja kikapata jina baya. Mwaka 1994 wakakijenga upya kwa mamilioni ya dola, wakamleta msanifu mkubwa wa Mexico, Ricardo Legorreta, akaweka mnara wa zambarau, kuta za rangi, chemchemi. Unasikia, chemchemi! Watu wakaendelea kulalamika kwamba ni saruji tupu, kuta zinakifungia, kivuli hakitoshi. Mwaka 2015 wakaitisha tena mashindano ya usanifu, na 2016 kampuni ya Kifaransa Agence Ter ikashinda kwa wazo ambalo kiini chake ni kubomoa kuta, kukisawazisha kiwanja kiwe usawa mmoja na barabara, kuweka nyasi, miti na kivuli. Baada ya hapo fedha zikawa shida na kazi ikakatwa vipande vipande.

Kwa hiyo mji tajiri kuliko nchi nyingi za bara hili umehangaika tangu 1951 na kosa la kuweka magari chini ya bustani, na sisi na bajeti yetu ya kuokoteza ndiyo tunaiga LILE KOSA. Wao wanatafuta namna ya kutoka, sisi tunapiga foleni kuingia.

Na hatuhitaji kwenda hadi Marekani. Hapo Nairobi tu. Bustani ya Jeevanjee iko pale mjini tangu 1906, Alibhai Mulla Jeevanjee aliitoa kwa wakazi wa mji. Mwaka 1991 ukaja mpango wa kuijenga maegesho ya ghorofa na maduka. Maneno ni yale yale, maendeleo, usasa. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama na watu wakasimama naye, mpango ukafa. Mwaka 2007 wakajaribu tena, wakashindwa tena. Leo ukipita Jeevanjee mchana unakuta watu wamelala kwenye nyasi wamefunika uso na gazeti, wapiga picha, wahubiri, na wale wa Bunge la Mwananchi, kundi la raia wa kawaida wanaojadili siasa hadharani, wanabishana mpaka mate yanaruka. Kelele zipo, uchafu wakati mwingine upo. Lakini watu wapo, tena wasio na hela ya kununua chochote. Kigezo changu mimi ni hicho, sina kingine.

Msininukuu vibaya. Bustani yetu ilikuwa inahitaji matengenezo, hakuna anayekataa. Choo kilifungwa siku nyingi, taa hazipo, mabenchi yamebaki vyuma, usiku kulikuwa hakupitiki. Tulitaka choo, taa na mabenchi. Tumeletewa shimo.

Turudi kwenye miti, maana hapa ndipo watu wanadanganywa mchana kweupe. Kwenye kikao walisema miembe miwili na ule mkungu mkubwa "itahamishwa" na baadaye "itapandwa mingine juu". Juu ya nini? Juu ya zege! Mwembe wa umri ule mizizi yake imekwenda mbali na chini. Ukiweka udongo wa kina cha magoti juu ya slabu, utaotesha nyasi na vichaka vya maua, basi. Ukitaka mti wa kivuli itabidi uweke udongo mwingi, na udongo uliolowa maji ya masika ni mzito ajabu, kwa hiyo slabu na nguzo ziongezwe unene, gharama ipande. Ndiyo maana kwenye michoro hakuna mwembe. Sio kwamba msanifu amesahau. Amefanya hesabu.

Na hayo maji ya masika yataenda wapi? Sasa hivi bustani inayanywa. Mtaa wetu ndio wa mwisho kwenye mteremko, mvua kubwa ikipiga huwa tunapandisha mabox ya madaftari kwenye meza ya pili. Wakiweka pevingi eneo lote na zege chini yake, hayo maji yote yanakuja dukani kwetu kununua madaftari.

Tuje kwenye jambo ambalo mimi naliona ndiyo kubwa kuliko yote na kwenye kikao halikuchukua hata dakika. Barabara. Ukitaka mahali pawe pa waenda kwa miguu anza na barabara zinazopazunguka. Kufika bustanini kutoka sokoni unavuka njia nne za magari. Alama za pundamilia zilishafutika, imebaki weupe kidogo upande wa kushoto. Kinamama wanasimama pale na mizigo kichwani, wanangoja mwanya, hawaupati, mwisho mmoja anajitosa na wengine wanamfuata. Bodaboda hawasimami. Bajaji hawasimami. Magari ya serikali ndiyo kabisa. Kwenye michoro yote mizuri ile, barabara hiyo imebaki ilivyo, ila imeongezewa njia ya magari kuingia chini. Yaani idadi ya magari yanayokuja pale itaongezeka, maana hayo maegesho hayatajazwa na upepo. Halafu mwenda kwa miguu ambaye mradi una jina lake atavuka zaidi ya alivyokuwa anavuka.

Kivuko kilichoinuliwa usawa wa njia ya miguu, mahali pa kusimama katikati ya barabara, kupunguza njia moja ya magari kila upande. Hivyo vitu vinagharimu kiasi gani ukilinganisha na kuchimba orofa mbili? Lakini havina tiketi ya kulipia, hilo ndilo tatizo lao.

Waliokuwa wanaitumia bustani sasa hivi wako wapi? Nawaambia walipo. Fundi viatu yuko ukingoni mwa mtaro mbele ya duka letu, amefunga turubai kwenye nguzo ya umeme, wateja wake wanakalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Muuza kahawa na kashata ameacha kuja, labda amehamia stendi kuu. Wazee wa drafti wamepewa baraza na msikiti. Mama ntilie wawili wako nyuma ya mabati, kila baada ya muda mgambo wanakuja, sufuria zinabebwa, kesho yake zinakombolewa. Nilimuuliza mmoja kama ameahidiwa nafasi mradi ukiisha. Akacheka, akaniambia, "Dada, umeona mimi kwenye ile picha?"

Watu watasema hakuna mfano mzuri kwetu. Upo. Forodhani pale Unguja ilifungwa mwanzoni mwa 2008 ikafunguliwa 2009. Aga Khan Trust for Culture waliifanya: ukuta wa bahari, njia za kutembea, taa, nyasi, sehemu ya watoto, na wauza vyakula wakapangiwa mahali pao. Kuna ya kulaumu, bei za mishkaki pale jioni kwa mgeni ni kesi nyingine. Lakini mwenyeji anaingia bure na watoto wake, anakaa, wale vijana wanaruka baharini kwa mbwembwe, na hakuna aliyechimba orofa ya magari chini ya miti. Inawezekana basi.

Tunachotaka ofisi hiyo ifanye sio kikao kingine cha soda. Weka hadharani mkataba wa hayo maegesho: nani anakusanya, kwa miaka mingapi, mji unapata nini. Weka hadharani tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004 na maoni ya wananchi ni sehemu ya tathmini hiyo, sio hisani. Kama matumizi ya eneo la wazi yamebadilishwa, tuonyesheni tangazo lilibandikwa wapi na lini. Na ile miembe isiguswe mpaka hayo yamejibiwa, kwa sababu ikishakatwa hakuna cha kujadili.

NYONGEZA: Naona mmeanza. Anayesema "dada huna gari ndiyo maana una wivu", ni kweli sina gari, na wengi wanaoingia huo mji kila asubuhi hawana pia. Ndiyo hoja yenyewe.

Anayesema maegesho yatapunguza magari yanayopaki juu ya njia za miguu: kaka, hilo lingekuwa kweli kama kuna mtu angezuia kupaki juu. Sasa hivi kuna kiwanja cha maegesho nyuma ya benki, kiko nusu tupu kila siku, na magari yamepanda juu ya njia ya miguu mbele yake kwa sababu pale ni bure na mgambo wako bize na sufuria. Ukichimba orofa mbili bila kugusa hilo utakuwa na maegesho matupu na njia za miguu zilizojaa.

Aliyeuliza kama tumekwenda kwa diwani: tumekwenda. Alisema yeye pia ameiona picha kwenye bango.

Kama humu kuna mhandisi wa majengo au mtu wa mipango miji, naomba anijibu mawili tu. Udongo wa kina gani unatosha mwembe ukue mpaka utoe kivuli juu ya slabu, na je, michoro ya mradi wa umma mwananchi anaweza kuidai kwa barua, barua hiyo inakwenda kwa nani? Barua nitaiandika mwenyewe, saini hapa mtaani nimeshaanza kukusanya, mzee wa reli ndiye wa kwanza.