Mashabiki wa Weird Al Yankovic wa Mwanza na kanda ya ziwa, mmemuona wapi na wapi?

Mwana_Kirumba:
Wakuu habari za jioni. Naomba tukusanye hapa kila sehemu mtu aliyomuona Weird Al, iwe muvi, katuni au video ya muziki, hata kama kapita sekunde tatu tu mi naihesabu. Kwa wasiomjua, ni yule Mmarekani wa nywele ndefu za kujikunja na akodiani kifuani, anachukua wimbo mkali wa mtu, muziki anauacha vilevile halafu anaweka maneno yake ya kuchekesha. Wengi huku tumemjulia kwa Michael Jackson, maana ile Eat It ya 1984 ni Beat It kabisa, mpaka ugomvi wa kwenye video umo, ila yeye anambembeleza mtoto anayechagua chagua chakula ale. Mi nampenda sana huyu mtu, nyimbo zake zimenitoa kwenye mawazo mengi.

Sasa juzi kibanda umiza cha huku mtaani wameweka The Naked Gun ile ya 1988 iliyotafsiriwa. Kuna sehemu Drebin, yule polisi ambaye ndo stelingi wa muvi, anashuka kwenye ndege, anakuta waandishi wamejaa na makamera, anaanza kuwahutubia kwa uchungu akijua wamemfuata yeye, kumbe wamemfuata Weird Al yuko kwenye ndege hiyohiyo, na kweli anatokea nyuma wote wanamkimbilia. Dj wetu akaongea juu ya hapo hapo, jina hakulitaja, watu wakabaki hawaelewi kwa nini waandishi wamehama, kicheko kikapotea hivi hivi. Iliniuma kweli, maana ukumbi mzima hakuna aliyejua kamuona nani. Haya tiririkeni, wapi kwingine yupo?

Sangara_wa_Igombe:
Mkuu hiyo familia ya Naked Gun usiishie ya kwanza, yupo kwenye zote tatu za zamani. Ya pili ya 1991 yuko kituo cha polisi kashika bastola kawateka askari, Drebin anaingia bila habari mlango unambamiza jamaa chini, hata hajui kaokoa kituo kizima. Ya tatu ya 1994 anashuka kwenye gari pale kwenye sherehe za Oscar akiwa na Vanna White, yule mama wa kwenye runinga ya Marekani. Hiyo ya polisi ndo naipenda zaidi maana haimbi, hana akodiani, anaigiza jambazi kawaida, usipokaza macho inakupita.

Mama_Wawili_Nyegezi:
Naomba kuuliza, sauti nayo inahesabika? Mwanangu mkubwa alikuwa anapenda ile katuni ya Milo Murphy's Law iliyoanza 2016, kijana ambaye kila anapopita vitu vinaanguka na yeye anasonga mbele bila kununa. Mi nipo jikoni naparua sato nikawa nasikia ile sauti, nikasema huyu mimi namjua huyu, nikaacha kisu nikaenda sebuleni na magamba mikononi nasubiri majina ya mwisho yapite. Ni yeye ndo Milo mwenyewe, na wimbo wa mwanzo kaimba yeye.

Mwana_Kirumba:
Inahesabika sana mama, tena hiyo ya kumtambua kwa sikio ndo ushabiki wenyewe. Wabeja.

Kijana_wa_Mabatini:
Oya mbona hamjataja muvi ya maisha yake, Weird ya 2022, Daniel Radcliffe yule wa Harry Potter ndo kacheza kama Al. Shemeji yangu kaiangalia sasa kila mtu anamwambia jamaa alikuwa na Madonna kimapenzi, na mambo ya risasi yamo humohumo.

Fundi_Spika_Igoma:
Mwambie shemeji apunguze mwendo, ile muvi imetengenezwa makusudi kuzichezea muvi zote za maisha ya wanamuziki, yaani wamefanya kwenye muvi kile anachofanya kwenye nyimbo. Mapenzi na Madonna hakuna. Kilichopo cha kweli ni kwamba wazo la Like a Surgeon ya 1985, ambayo ni Like a Virgin ya Madonna iliyogeuzwa, lilitoka kwa Madonna mwenyewe, alimuuliza rafiki yake Al atauimba lini, maneno yakatembea mpaka yakamfikia. Na ile ya kwenye muvi ya kurekodi chooni ni kweli kabisa, 1979 akiwa mwanafunzi wa usanifu majengo kule San Luis Obispo California, karekodi wimbo wake wa My Bologna kwenye choo karibu na redio ya chuo kwa sababu vigae vinarudisha sauti vizuri, akaituma kwenye kipindi cha redio cha Dr. Demento cha nyimbo za kuchekesha. Mi nafunga muziki kwenye kumbi, hilo la vigae namwelewa sana. Na mwenye uzi andika, humo ndani Al mwenyewe yupo, ndo yule bosi wa kampuni ya rekodi anayemkataa Radcliffe. Wengi wanampita kwa sababu wanamtafuta wa miwani na masharubu. Tangu 1998 alipofanyiwa macho kwa leza miwani ilitoka na masharubu akanyoa, zimebaki nywele.

Mzee_wa_Capripoint:
Vijana hongereni kwa uzi mzuri. Mimi ni mtu wa taarab, kilichonivuta kwake ni akodiani, anaipiga kweli si pambo, kafundishwa tangu hajatimiza miaka saba. Lakini nina swali, hao wenye nyimbo zao wanaona sawa?

Fundi_Spika_Igoma:
Shikamoo mzee. Anaomba ruhusa kwanza, ingawa sheria ya kwao inampa nafasi ya kufanya bila kuomba, na mi hapo ndo heshima yangu kwake inapoanzia. Michael Jackson alikubali mara mbili, na ya pili, Fat ya 1988, wakatumia mpaka seti ya stesheni ya treni ya chini iliyojengwa kwa ajili ya Moonwalker, muvi ya Michael mwenyewe. Alipoombwa Black or White akakataa kwa vile ujumbe wa ule wimbo ulikuwa mzito kwake, na jamaa akaheshimu. Prince alikataa kila alipoombwa. Paul McCartney alikataa Live and Let Die isigeuzwe wimbo wa kuku kwa sababu hali nyama, na Al mwenyewe kaacha nyama tangu 1992.

Mzee_wa_Capripoint:
Marahaba. Nimeelewa, basi huyo ni mtu muungwana.

Nansio_Online:
Mmesahau Spy Hard ya 1996 wajameni! Mwanzo wa muvi wote ni wake, wamefanya kama zile za James Bond, watu wanaogelea kwenye maji ya rangi na yeye anaimba wimbo wa muvi, mwishoni anavuta sauti ndeeefu haishii mpaka kichwa kinalipuka. Mi nilikuwa nayo kwenye simu ikafa. Huku Ukerewe mtandao wa kushusha muvi nzima ni wa shida, mwenye nayo aniwekee kwenye flashi, nakuja mjini Ijumaa na meli ya asubuhi nitamfuata alipo.

Sangara_wa_Igombe:
Ninayo, na zile video nane za Mandatory Fun alizotoa siku nane mfululizo 2014 ninazo zote, ile albamu iliyoingia namba moja Marekani. Njoo na flashi ya kuanzia gb 8, nicheki inbox nikuelekeze nilipo pale mwaloni Kirumba.