Nimefuta video za harusi kwenye SSD (diski ya chipu), fundi anaona majina ya faili lakini ndani ni sifuri tupu. Naomba msaada

Studio_Arua
Salamu wadau. Nina studio ndogo ya picha na video hapa Arua. Jumamosi nilirekodi harusi Koboko, nikahamishia kazi yote kwenye laptopu, kisha nikafomati kadi zote mbili za kamera ili kesho yake nirekodi matanga. Jumatatu nikitafuta nafasi nikafuta folda siyo, nikamwaga na pipa la taka. Nusu saa baadaye ndipo nikagundua.

Nimempelekea fundi. Programu yake imerudisha majina yote, hata ukubwa wa kila faili ni sahihi, ila hakuna video inayofunguka. Aliifungua moja baiti kwa baiti, akanionyesha kwenye skrini: 00 00 00 00, mstari baada ya mstari mpaka mwisho. Fundi huyuhuyu mwaka juzi aliniokolea hadidiski iliyofutwa wiki nzima. Hii imeshindikana vipi? Ni SSD ya gigabaiti 240, iko ndani ya laptopu, Windows 10. Tena tangu ikaribie kujaa, kunakili video kunaanza kwa kasi halafu kunazama mpaka laptopu inaganda. Imeharibika? Bwana harusi anasubiri, anayejua aniambie ukweli.

Kijana_wa_Malaba
Pole kaka. Fanya difragi (kupanga upya vipande vya faili) ya diski nzima, kasi itarudi na huenda faili zikaonekana.

OkoaData_Kla
Difragi hapana, tafadhali. Kwenye SSD haileti faida, inakula tu uhai wa chipu.

Pole sana ndugu yangu. Kazi yangu ni kuokoa data, na ukweli ulioomba ni huu: kwenye SSD hiyo video zimekwenda. Usimlipe mtu mwingine kwa ajili yake.

Windows haijui video yako imekaa wapi ndani ya SSD. Inachojua ni namba za bloki, kila moja baiti 512 au 4,096. Kwenye hadidiski, namba hiyo karibu siku zote ni sehemu ileile ya sahani, ndiyo maana fundi alirudi palepale akakuta mzigo. Kwenye SSD, katikati kuna kidhibiti chenye jedwali lake: namba hii, leo iko chipu ile, ukurasa ule (kipande kidogo cha chipu). Kesho inaweza kuwa kwingine na Windows isijue kitu.

Kinacholazimisha hivyo ni chipu zenyewe. Ukurasa ukishaandikwa hauandikwi tena mpaka ufutwe, na haufutwi peke yake, inafutwa bloki nzima ya chipu. Chukua ukurasa wa kilobaiti 16 na bloki yenye kurasa 256: megabaiti 4 kwa mkupuo. Basi ukibadilisha faili, kidhibiti huandika toleo jipya mahali patupu, hurekebisha jedwali, na lile la zamani linabaki taka.

Ulipomwaga pipa, Windows ilituma amri ya TRIM, ambayo imo tangu Windows 7 ya 2009: namba hizi sizihitaji tena. Kidhibiti kikaziondoa kwenye jedwali. Fundi akiuliza namba hizo, kinamjibu sifuri bila hata kugusa chipu. Majina yamebaki kwa sababu yameandikwa kwenye daftari la mfumo wa faili, ambako TRIM haikupita.

Kuganda nako ni habari ileile. Diski ikijaa, bloki tupu zinakwisha. Kidhibiti kinachukua bloki yenye kurasa 200 hai na 56 za taka, kinahamisha zile 200, ndipo kifute. Kazi yote hiyo ili kupata nafasi ya kurasa 56, na wewe unamwaga video. Acha asilimia 15 au 20 wazi daima.

Nakawa_Mtandao
Mkuu, yangu ya 240 inaonyesha 223 tu. Hizo 17 ndizo nafasi ambayo kidhibiti hujiwekea akiba kwa kazi hiyo ya kuhamisha?

OkoaData_Kla
Hapana. Hiyo ni hesabu tu: muuzaji anahesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000, Windows inahesabu 1,073,741,824. Akiba ya kweli haionekani kabisa, ndani mara nyingi kuna chipu za gigabaiti 256 za hesabu hiyo kubwa ya Windows.

Mama_Printa
Mbona mimi nilifuta kazi za wateja kwenye SSD ya nje, ile ya kasha la USB, na zikarudi zote?

OkoaData_Kla
Makasha mengi ya USB hayapitishi TRIM, dada. Kidhibiti hakikuambiwa, kikaendelea kuzitunza. Ndiyo bahati yako, na ndiyo sababu diski za namna hiyo huwa nzito baada ya muda: zinabeba taka zikidhani ni mali.

Studio_Arua, hakikisha yako ya ndani inatuma TRIM: kwenye dirisha la amri la Windows andika *fsutil behavior query DisableDeleteNotify*, ikijibu 0 kwenye NTFS (mfumo wa faili wa Windows) iko sawa. Ila kwanza nijibu hili haraka: zile kadi za kamera, matanga yalijaza zote mbili? Kamera nyingi zikifomati zinaandika upya orodha ya faili tu. Zitoe kwenye kamera sasa hivi, usipige hata picha moja.

Studio_Arua
Nimejibiwa 0. Matanga yalitumia kadi moja, tena haikufika nusu. Zote nimeshazitoa, niko kwenye boda naelekea kwa fundi.

Studio_Arua
Jamani! Kadi ya pili imetoa kila kitu, kuanzia bibi harusi kutoka nyumbani kwao mpaka keki. Ile ya kwanza imetoa nusu ya mwisho, inacheza na sauti yake. Hotuba ya baba mzazi imepotea, nimempigia bwana harusi nimemweleza. Amesema mjomba wake aliirekodi kwa simu, ananitumia leo jioni. OkoaData, Mungu akubariki. Nanunua diski ya pili kesho.