Mrejesho: Yoga au tai chi kwa goti bovu

Wakuu, niliuliza kipi kinifae kati ya yoga na tai chi (mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu): goti la kulia limesagika, mgongo umekakamaa kwa foleni za Mwenge. Nimeangukia tai chi. Yoga tamu, ila nikipiga magoti kwenye mkeka naona nyota. Tai chi unasimama, magoti umeyalegeza kidogo yasipite vidole, unahamisha uzito taratibu mguu hadi mguu. Hata mwongozo wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani, 2019, unaisisitiza kwa goti la hivi. Yoga wameipendekeza pia, ila si kwa mkazo huo. Nafanyia Coco Beach asubuhi (watoto wanadhani karate). Goti lina nafuu. Mgongo bado unasumbua, huo nauachia yoga ya kwenye kiti.