Bibi wa miaka 89: kutembea, kunyanyuka kitini au vifuko vya mchanga?

MjukuuTanga: Wakubwa shikamooni. Bibi yangu ana miaka 89, akili timamu kabisa ila miguu imemchoka, kutoka kitandani mpaka ashikwe mkono. Shangazi anasema azunguke uani asubuhi na jioni inatosha, mimi nimeona watu wanafundisha kunyanyuka kitini, wengine kufunga uzito miguuni. Kipi kinamfaa? Presha anayo, anameza dawa.

Kibwebwe: Kutembea kuzuri kwa moyo, lkn peke yake hakurudishi nguvu. Asiyeweza kunyanyuka shida yake ni mapaja na makalio, anza na kiti. Kiwe kigumu, kiegemee ukuta kisirudi nyuma, akae ukingoni, avute nyayo nyuma kidogo, ainame mbele ndo anyanyuke. Kwenye kushuka ashuke taratibu asijibwage, hapo ndo misuli inafanya kazi kweli. Akishindwa muwekee mto kiti kiwe juu, akizoea toa.

MamaNasra: Na ndala za kuburuza mvue jamani. Mama mkwe wangu anashika sinki la jikoni anainua visigino, anashusha, mimi niko nyuma yake. Naona hii inamsaidia kuliko kutembea maana kwetu uani kuna mashimo.

FizioMoro: Nafanya kazi hii ya tiba ya mazoezi (fizio). Kuna watu wanaamini misuli ya mzee ikishaisha ndo basi, si kweli hata kidogo, mwaka 1990 huko Boston, Marekani, wazee wa kama miaka 90 walipewa mazoezi ya uzito wiki 8 tu, nguvu za miguu zikaongezeka zaidi ya mara mbili. Na New Zealand wana programu ya nyumbani inaitwa Otago, inachanganya uzito kwenye vifundo vya miguu, balansi na kutembea, imepunguza sana wazee kuanguka. Kwahiyo mjukuu usichague kimoja. Wiki za mwanzo kiti na visigino, halafu shona vifuko vya mchanga vya nusu kilo, afunge akiwa amekaa, anyooshe goti polepole, mara 3 kwa wiki, siku ya katikati apumzike. Asibane pumzi, ahesabu kwa sauti, presha haipandi ghafla.

MjukuuTanga: Magoti yanamuuma lakini.

FizioMoro: Maumivu madogo yanayoisha hayana neno. Goti likivimba au akasikia kifua kinabana, simamisha mpeleke hospitali. Na asubuhi akae kwanza ukingoni mwa kitanda achezeshe nyayo, hizo dawa za presha zinaleta kizunguzungu akisimama haraka.

Kibwebwe: Anakula nini? Chai na mkate haijengi misuli, muongezee dagaa, mayai, maharage.