Siku ya 12 tangu nikatwe bawasiri na naogopa choo. Mliopitia, maisha yanarudi kweli?

Kobe Mpole (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Hapa hakuna anayenijua, kwa hiyo nitasema yote.

Nimeishi na bawasiri miaka sita. Mwanzo ilikuwa damu kwenye karatasi tu. Baadaye kinyama kikawa kinatoka nikienda haja na kurudi chenyewe, na mwishoni nikawa nakirudisha kwa kidole. Daktari akasema hiyo ni daraja la 3, tukate. Nikakubali, maana nilishachoka kutembea na nguo ya ndani ya akiba kwenye begi la kazini.

Nilifanyiwa ule upasuaji ambao vidonda vinaachwa wazi bila kushonwa. Maumivu ya siku za mwanzo niliambiwa mapema, sina neno nayo. Kinachonishinda ni choo. Nikihisi haja tu jasho linanitoka kabla sijafika mlangoni. Naingia na taulo, naliuma. Juzi nilikaa humo dakika 40 nimeshika kitasa, nikatoka bila kupata choo. Sasa nimeamua kula mara moja kwa siku, maji kidogo, ili nisiende mara kwa mara.

Halafu kidonda kinatoa majimaji ya njano, navaa pedi (mke wangu ndiye aliyenifundisha kuibandika, alicheka mpaka machozi). Na gesi ikija haizuiliki. Jana imeniponyoka mbele ya mama mkwe.

Nauliza tu: haya yanaisha lini? Kukaa kazini, kubeba mzigo, tendo la ndoa? Au ndiyo nimeshakuwa hivi?

Mama Pacha

Pole sana kaka yangu. Ila hapo kwenye kula mara moja ndipo unapojiua mwenyewe. Choo kikiwa kidogo kinakaa ndani muda mrefu, utumbo mpana unakinyonya maji, kinatoka kama changarawe. Hicho ndicho kinachokwangua kidonda! Mimi nilifanya ujanja huohuo, siku ya sita nikalia kuliko nilivyolia leba, na nimezaa mapacha.

Kula kama kawaida, mboga na matunda kwa wingi, maji usiyaonee huruma. Kama hawakukupa dawa ya kulainisha choo, rudi kaidai. Mimi nilipewa laktulosi, ndani ya siku mbili mambo yakabadilika.

Halafu beseni. Maji ya uvuguvugu, yasiunguze, hayahitaji chumvi wala dawa ya kuua vijidudu. Kalia dakika 10 hadi 15 ukitoka tu chooni. Ule msuli wa njia ya haja huwa umejikaza kwa uoga, na maumivu mengi ni ya huo msuli. Ndani ya maji utausikia unaachia wenyewe.

Nesi wa Zamu

Mama Pacha kasema vizuri. Mleta mada, dawa yako ya maumivu ni ipi? Kama ni kodeini au tramadoli, zinafunga choo. Usiache kwa uamuzi wako, mwambie daktari akupangie nyingine.

Majimaji ya njano kwenye kidonda cha wazi ni kawaida, yanaweza kwenda wiki kadhaa. Damu kidogo ukienda choo pia ni kawaida. Ila jihadhari: kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 hivi ndipo damu nyingi huweza kuja ghafla, na wewe bado uko humo. Damu ya mabonge au isiyokata, homa, usaha wenye harufu kali, mkojo kugoma: hospitali siku hiyohiyo, usije kuuliza hapa kwanza.

Chui Mtulivu

Achana na mahospitali mkuu, twanga kitunguu saumu upake mara tatu.

Nesi wa Zamu

Kwenye kidonda kibichi? Jaribu wewe kwanza, utuletee mrejesho.

Dereva wa Masafa

😂😂 Mkuu, mimi kazi yangu ni kukaa. Nilirudi kwenye usukani wiki ya tano, nasimama kila saa natembea kidogo. Mzigo mzito sikugusa mpaka kidonda kilipofunga, kama wiki ya saba. Kitandani tulisubiri mpaka maumivu yakaisha, hakuna tarehe maalumu. Gesi ilinisumbua mwezi mzima, ikaja kukaa sawa yenyewe.

Na chooni weka miguu kwenye kistuli, magoti yapande juu. Simu iache nje. Dakika tano hakuna kitu, nyanyuka uende zako. Kukaa muda mrefu na kujikamua ndiko kulikotuleta huku.

Ukweli Mchungu

Nisiwe mbaya, ila si wote tunanyooka. Mimi kovu lilibana njia, choo kikawa chembamba kama penseli. Nikajipa moyo miezi minne kwamba ni kawaida. Nilipokwenda kliniki nikapanuliwa, sasa niko vizuri. Kosa langu lilikuwa aibu, tarehe ya kliniki niliiruka mara mbili. Wewe usiiruke.

Kobe Mpole

Wakuu, nimerudi. Leo ni siku ya 21. Ilikuwa tramadoli kweli, nimebadilishiwa, na laktulosi nimepewa. Nakula mara tatu. Siku tatu za kwanza hakuna nilichoona, nikawatukana kimoyomoyo, mnisamehe.

Leo asubuhi nimetumia dakika nne, simu kwenye kochi, damu matone mawili. Maumivu yapo ila ni ya kuvumilia, beseni limeyamaliza. Mke wangu kagonga mlango kuuliza kama nimezimia, eti hakusikia kelele.

Pedi bado navaa. Kliniki ni Jumatatu, nitamuuliza daktari kuhusu gesi, maana mama mkwe hajaondoka.