Studio imetupunguza kazini wiki 5 baada ya gemu kuzinduliwa: nina haki gani nikiwa Tabora?

Mchonga Milango (Ipuli, Tabora)

Wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na habari za leo kwa wengine wote.

Kwa miaka 2 na miezi 4 nimefanya kazi kwa njia ya intaneti na studio moja ya Ulaya inayotengeneza gemu. Mimi huunda vitu vya pande tatu, yaani milango, madirisha, mapipa na ngazi, vile vinavyoufanya mtaa wa ndani ya gemu uonekane unakaliwa na watu. Gemu letu ni la mtandaoni, nalo haliwezi kuanza mpaka wachezaji 8 wapatikane.

Usiku wa uzinduzi niliingia kama mchezaji wa kawaida ili niione bandari ambayo milango yake yote niliichonga mimi. Nafasi zikajaa 3, zikafika 5, kisha mmoja akatoka. Nilikaa mbele ya kioo zaidi ya dakika 10, na nilipoyasoma majina ya waliokuwa wakisubiri pamoja nami nikakuta kwamba wawili kati yao ni wapimaji wetu wenyewe, wale wanaolipwa kulijaribu gemu. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu.

Wiki ya 5 tuliitwa kwenye kikao kifupi, tukaambiwa kwamba wengi wetu tunaachishwa. Malipo yangu yanakoma mwisho wa mwezi huu, na akaunti zangu za kazi zinafungwa Ijumaa. Mkataba unaniita mtoa huduma wa kujitegemea, ingawa nilipangiwa saa za kazi na sikuwa na mteja mwingine. Naomba kuelimishwa: je, wiki 5 zinatosha kulihukumu gemu lililotengenezwa kwa miaka mingi? Na je, kuna haki yoyote ninayoweza kuidai?

Mpimaji Mstaafu (Mwanga, Kigoma)

Pole sana, ndugu yangu. Nimewahi kufanya kazi ya upimaji wa magemu, na zile nafasi 8 zilizokataa kujaa ndizo zinazolijibu swali lako la kwanza. Gemu la mchezaji mmoja likikosa wanunuzi leo linaweza kuwapata mwakani, kwa kuwa anayelinunua hahitaji mwenzake. Gemu la mtandaoni linategemea watu: wakipungua, kusubiri kunarefuka, na waliobaki huchoka wakaondoka. Mfumo nao, ili usiwacheleweshe, hulazimika kumkutanisha anayeanza na aliyebobea, na huyo anayeanza akichapwa mara 3 mfululizo harudi tena. Wakati huohuo seva, yaani kompyuta zinazoliendesha gemu, zinaendelea kulipiwa, na kwa kuwa mishahara ndiyo gharama kubwa kuliko zote, wanaoguswa kwanza ni watu.

Hayakuwapata ninyi peke yenu. Sony ilizindua gemu la mtandaoni liitwalo Concord tarehe 23 Agosti 2024 kwa bei ya dola 40, ilhali Overwatch 2 na Valorant, zilizowania wachezaji walewale, zilichezwa bila kulipia. Tarehe 6 Septemba seva zikazimwa na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao, kisha mwishoni mwa Oktoba Sony ikatangaza kuifunga studio ya Firewalk iliyolitengeneza gemu hilo. Mwaka 2010 studio ya Realtime Worlds ya Dundee, Uskoti, iliangukia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi wiki chache tu baada ya kuzindua gemu lake la mtandaoni, APB, na seva zikazimwa Septemba ya mwaka huohuo.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba wiki chache zinatosha siku zote. Final Fantasy XIV, gemu la mtandaoni la kampuni ya Square Enix, ilitoka Septemba 2010 ikiwa na kasoro nyingi mno. Square Enix haikuizika. Ilisimamisha ada ya wachezaji kwa muda, Desemba ikamkabidhi Naoki Yoshida kazi ya kulisimamia gemu hilo, na Agosti 2013 gemu likarudi likiwa limejengwa upya, nalo likapendwa. Square Enix ilikuwa na magemu mengine ya kuilisha kipindi chote hicho. Studio yenye gemu moja haina ghala la namna hiyo, na aliyeamua kuajiri kundi kubwa kwa kulitegemea gemu moja hakuwa mchonga milango. Usijilaumu.

Mtoto wa Mkulima (Urambo)

Mimi si mtu wa kompyuta, nimelelewa katika tumbaku, lakini naomba kuuliza. Mkulima huku hupewa pembejeo kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na robota lake la tumbaku likifika sokoni mteuzi, yaani mpanga madaraja, akaliweka daraja la chini, deni la mbolea hukatwa kwanza, yeye akabaki na kidogo au asibaki na kitu. Je, studio hizo hutumia fedha zao, au nazo hukopeshwa?

Mpimaji Mstaafu (Mwanga, Kigoma)

Umegusa penyewe. Studio nyingi hupokea fedha za mchapishaji, yaani kampuni inayogharimia gemu na kuliuza, kwa awamu, kila awamu baada ya kazi kukaguliwa, na gemu likiuzwa mchapishaji hujirudishia alichotanguliza ndipo mgawo wa studio uanze. Mauzo yakidorora, mgawo huo hauanzi.

Binti Kanyenye (Tabora)

Kaka, kabla ya Ijumaa hifadhi nakala ya mkataba wako, ankara, stakabadhi za malipo na barua zinazoonyesha nani alikupangia saa za kazi. Mafaili ya gemu usiyachukue, kwa sababu mkataba wa usiri unaweza kukugeukia.

Jina uliloandikiwa kwenye mkataba halimalizi jambo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano saa zake za kazi zinaongozwa na mwingine, au anamtegemea huyo kwa kipato, au anamfanyia kazi yeye tu. Ukikubaliwa kuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inakupa notisi ya siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa hiyo kwako ni siku 14, pamoja na cheti cha utumishi. Madai ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, basi usizipoteze kwa kusubiri ahadi. Kumfikia mwajiri aliye nje ya nchi ni kazi ngumu, nakuambia mapema. Soma kifungu kinachotaja sheria ya nchi gani inatumika.

Mchonga Milango (Ipuli, Tabora)

Asanteni sana, dada na wakubwa zangu. Nimekisoma kifungu hicho: kinataja sheria za nchi yao. Hata hivyo, Jumatatu nitaupeleka mkataba kwa Afisa Kazi pamoja na barua za ratiba, ambazo zimefika 61. Nimemwandikia pia kiongozi wa kitengo chetu kuomba ruhusa ya kuwaonyesha kazi zangu waajiri wengine. Amejibu jioni hii: milango yote ya bandari naruhusiwa, kwa kuwa gemu lilishatoka, lakini ile ya mji wa pili, ambao haukuwahi kufunguliwa, nisiionyeshe kwa mtu yeyote.