Mashine iko Igogo, soketi iko Ujerumani

Ndugu zangu wa Mwanza mlioko nje, mwangaluka.

Mwenzetu wa Gothenburg ameuliza kama kuna mtu amewahi kununua mashine ya boti kwenye matangazo ya mtandaoni akiwa huku, ndugu yake aipokee nyumbani. Nimewahi mara mbili. Ya kwanza nililizwa. Ya pili mashine inapiga kazi hadi leo pale Mwaloni, Kirumba. Nitaandika kwa kirefu, mnivumilie, niko zamu ya usiku na wagonjwa wangu wamelala.

Mdogo wangu anavua dagaa. Mliokulia ziwani mnajua kwamba mbalamwezi ikijaa watu wanashona nyavu na kulala, kazi yenyewe ni giza. Mwaka juzi mashine yao ilikufa siku nne kabla giza halijaanza. Akanipigia: "Dada, giza hili likipita tumekwisha." Jioni ile ile akanitumia tangazo la Yamaha 15, imetumika kidogo, iko Igogo, milioni moja na laki nane. Wengine walikuwa wanauza karibu mara mbili ya hapo. Niliiona hiyo bei, nikajiambia labda mtu ana shida zake. Hivyo ndivyo unavyojitapeli mwenyewe kabla tapeli hajaanza kazi.

Muuzaji alikuwa mpole ajabu. Aliniita dada, akaniuliza habari za baridi. Akasema kuna mteja wa Ukerewe anavuka na meli ya asubuhi, hela mkononi, hivyo kama nataka anishikie mzigo nitangulize laki nne. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke. "Ni laini ya mke wangu, yangu imejaa." Nikatuma. Mdogo wangu akapanda boda kutoka Kirumba mpaka Igogo, kaambiwa akifika kwenye viwanda vya samaki apige simu atafuatwa. Akapiga. Simu imezimwa. Alikaa pale mpaka saa mbili usiku, na mimi huku namwambia asubiri kidogo, labda ni chaji.

Usiku ule sikulala. Niliifungua tena picha ya tangazo, nikaikuza kipande kwa kipande. Mashine iko kwenye stendi ya chuma, nyuma yake ukuta mweupe, na chini kabisa pembeni kuna soketi ya umeme. Ya duara, imezama ndani kama kikombe, ina matundu mawili. Nikainua macho, nikaitazama ya jikoni kwangu. Ndiyo hiyo hiyo! Kwetu tumezoea matundu matatu bapa kama ya Uingereza. Igogo nani anafunga soketi ya Kijerumani kwenye ukuta wake? Picha ilikuwa imeokotwa kwenye tangazo la huku huku ninakoishi.

Kwa hiyo kwanza, kuza picha. Angalia ukuta, majani, soketi, namba za magari zilizopita nyuma. Unaweza pia kuitafuta kwa Google Lens uone imetokea wapi kwingine, ila wajanja siku hizi wanaikata pembeni au kuigeuza kushoto kulia ili isitambulike. Mimi sasa naomba kitu kimoja tu: picha mpya, na juu ya kifuniko cha mashine aweke ndala moja. Muuzaji wa pili alicheka sana, akaweka ndala ya bluu iliyokatika kamba. Kabla yake wawili walikuwa wamekasirika: "Dada, ina maana huniamini?" Mmojawapo akanitumia aya ya dini.

Pili, usimtume ndugu mwenye shida na chombo peke yake. Mdogo wangu angenunua hata sufuria kama ingekuwa na propela. Nilimlipa fundi ambaye hana undugu na sisi wala na dalali, na nikamwambia hela yake ni ile ile mashine ikiwa nzima au mbovu. Nilikuwa kwenye simu ya video wakati anakagua, na ile nusu saa imenifundisha mengi.

Kitu cha kwanza aliweka kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya moto. Akamwambia muuzaji, "Baba, tutakunywa chai kwanza." Mashine iliyopashwa moto kabla mteja hajafika huwaka kwa mvuto mmoja na kuficha ugonjwa wake; tabia yake ya kweli utaiona ikiwa baridi. Walikaa saa nzima na zaidi. Ilipopoa akavuta kamba, ikawaka mvuto wa tatu, akasema hiyo inasameheka. Ilikuwa majini, si juu ya stendi, kwa hiyo akaangalia maji ya kupooza yanavyoruka pembeni. "Inakojoa vizuri," akasema. Ingekuwa inatoa matone, pampu ya maji imekwisha au njia imeziba.

Akaizima, akafungua plagi mbili, akafunga geji ya kompresheni kwenye silinda ya juu, kisha ya chini. Namba zilikaribiana. Zikiachana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, ringi au pistoni mojawapo imechoka. Halafu akalegeza skrubu ya chini kule kwenye mguu wa propela, ikadondoka oili kidogo kwenye kidole chake, akakileta mbele ya kamera. Nyeusi. Nikauliza kama hiyo ni mbaya. Hapana, mbaya ni ile yenye rangi ya chai ya maziwa, maana yake sili imekufa na maji ya ziwa yameingia kwenye gia. Akamaliza kwa kusugua ndani ya njia za maji akitafuta ukoko mweupe wa chumvi. Mashine zinatoka Pwani zikiwa zimepigwa na maji ya bahari, zinaletwa ziwani kama bikira.

Stika msiziangalie. Kifuniko cha juu hutoka kwa kubana klipu tu, na stika za namba yoyote zinauzwa. Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye kibati cha namba pale kwenye bano la kufungia boti, akakagua kama riveti zake zimechokonolewa.

Hela ilitoka baada ya hayo yote, kwenda kwenye namba yenye jina la muuzaji lile lile lililokuwa kwenye kitambulisho chake cha taifa, kile cha NIDA, wakiwa wamekaa ofisi ya serikali ya mtaa na karatasi ya mauziano yenye namba ya injini. Jina hutokea kabla hujaweka namba ya siri. Lisome, usiwe na haraka.

Kuhusu "cha juu", ile hela ndugu zetu wenyewe wanayoiongeza kwenye bei, siandiki leo. Mnajuana.

Wa Kirumba, niko Leipzig


*

Dada wa Leipzig, asante, ila naomba kukuongezea, maana sisi tuliona mali kwa macho, tukaiwasha kwa mikono yetu, na bado tukapigwa.

Nipo Ontario, huku ambako tovuti ya matangazo inaitwa Kijiji, neno letu kabisa. eBay waliianzisha mwaka 2005. Mimi nilikuwa natafuta jenereta kwa ajili ya duka la mama, Buhongwa. Nikaona tangazo, nikampigia mwenye namba. Akasema jenereta liko Luchelele kwa shemeji yake, niende kuliona, ila kuna mambo ya mirathi kidogo, kwa hiyo nisimtajie shemeji bei, atataka mgawo. Binamu yangu akaenda. Kweli jenereta lipo, limewaka, limebeba friji na pasi kwa pamoja. Binamu akanipigia kwa furaha, nikamtumia yule wa kwenye simu hela yote. Binamu akaanza kulibeba.

"Wewe, unakwenda wapi na hilo?"

"Si tumeshalipa?"

"Mmemlipa nani?"

Kumbe tapeli aliliona tangazo la kweli la yule mzee wa Luchelele, akalinakili na kuweka namba yake. Kisha akampigia mzee: "Kijana wangu anakuja kukagua, ni mfanyakazi tu, usizungumze naye bei, mimi na wewe tumeshaelewana." Kwa hiyo wawili wamekaa na jenereta katikati yao, kila mmoja ameambiwa anyamaze, na kila mmoja anajiona mjanja kwa kunyamaza. Ilibidi aitwe mwenyekiti wa mtaa. Mzee hakuwa mwongo, binamu hakuwa mwongo, na hela imeshakwenda.

Sasa hivi mtu wangu akifika, kabla hajagusa kitu, anamuuliza aliyekishika, kwa sauti, na mimi nikisikia: Hiki ni chako? Unauza bei gani? Nilipe namba ipi? Ukiambiwa na mtu yeyote "bei usiitaje mbele yake", ondoka.

Na kwa mnaouza vitu vyenu huku kabla ya kurudi nyumbani: mnunuzi anaomba namba yako ya WhatsApp, anakutumia linki, eti ameshalipa, fungua uweke namba za kadi upokee hela. Anayelipwa hatoi namba za siri za kadi yake. Au anasema amezidisha malipo kwa bahati mbaya, mrudishie tofauti. Ukishairudisha ndipo benki inakwambia malipo yake yalikuwa hewa. Na ukinunua kwa PayPal usikubali kutuma kwa njia ya marafiki na familia, kwa sababu hapo ulinzi wa mnunuzi haupo, na tapeli anaijua njia hiyo kuliko wewe.

Wa Buhongwa, Hamilton


*

Marahaba, wanangu, hata kama hamjaniamkia.

Mimi nimesharudi, niko Nyegezi. Hamjazungumzia wizi. Mashine za boti zinaibwa ziwani usiku, wavuvi wanabaki wanaelea, kisha zinavushwa kuuzwa mwalo mwingine, yaani ufukwe mwingine wa kushushia samaki. Unaweza ukakutana na muuzaji wa kweli, mashine ya kweli, namba ya kweli, na ikawa mali ya mtu wa Sengerema anayelia. Kabla ya kulipa, mtu wako aende kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo ule, aulize mashine hiyo ni ya nani na ilikuja lini. Wale wanajua nani ana nini kwenye ufukwe wao. Ikikamatwa mkononi mwa mdogo wako, polisi wataanza na yeye, na ile karatasi ya serikali ya mtaa ndiyo itakayomsemea.

Na jina kwenye simu lisiwape usingizi. Kweli mwaka 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Lakini mzee kijijini anasajiliwa laini moja, kijana anamwambia "bonyeza tena mzee, haikushika", kumbe anasajili ya pili. Mimi mwenyewe nilipiga *106# nikakuta namba ambayo siijui inalala kwa jina langu. Waambieni wazazi wenu wapige. Ujumbe wa utapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upelekwe 15040, hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Aliyelizwa aende polisi akafungue jalada hata kama ni laki moja. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, lakini bila jalada haina pa kuanzia.


*

Shikamoo baba, na samahani kwa utovu wa adabu.

Kaka wa Hamilton, hiyo ya Luchelele imenitoa jasho. Maana hata fundi wangu angeipitisha: kiganja, kamba, geji, kila kitu sawa, halafu mimi nikatuma hela kwa hewa. Bahati yangu ni kwamba siku ile walikwenda wote ofisini na kitambulisho. Nayaandika maswali yako matatu kwenye karatasi, nayabandika ukutani juu ya ile soketi.

Aliyeuliza pembeni kuhusu malipo ya fundi: nilimpa elfu thelathini na nauli ya kwenda na kurudi, chai ilikuwa juu ya muuzaji.

Na jana mdogo wangu amenitumia tangazo jipya, friza la kuhifadhia samaki, karibu jipya, bei ya kutupa, mwenyewe anahama wiki hii. Nikamjibu neno moja: ndala. Dakika kumi baadaye akaniandikia kwamba muuzaji amemfungia namba.